Joto la Mji na Gharama Zake

Mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki hulijua joto tangu utotoni. Majira ya kaskazi yafikapo, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa huwa nzito, jasho halikauki, na usiku mtu hugeuka ubavu huu na ule akisubiri upepo. Kwa kuwa hali hiyo hurudi kila mwaka, aghalabu huhesabiwa kuwa ni sehemu ya maisha, jambo la kulalamikiwa kidogo na kusahauliwa masika yaanzapo. Mafuriko yakitokea, nyumba zilizobomoka huonekana na hasara yake huandikwa. Ukame ukija, mashamba yaliyokauka hupigwa picha. Joto halibomoi nyumba wala haliachi matope barabarani. Kuli hupumzika mara nyingi zaidi, mgonjwa wa moyo hufariki usiku, mwanafunzi husinzia darasani. Na kila tukio hupewa sababu yake nyingine.

Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa katika miji mbalimbali ya dunia umeonyesha kwamba joto kali lina gharama kubwa, na kwamba gharama hiyo yaweza kupimwa. Umeonyesha pia jambo jingine lililo muhimu zaidi: pale ambapo gharama imehesabiwa, njia za kuipunguza zimepatikana, na nyingi kati yake hazihitaji fedha nyingi. Mji mmoja wa India unatoa mfano ulio wazi wa mambo hayo yote.

Ahmedabad, Mei 2010

Ahmedabad ni mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Gujarat si mahali pageni kwa Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kwa pepo za msimu kati ya pande hizo mbili, na familia nyingi za Kihindi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zina asili yake huko. Ahmedabad ulijulikana tangu zamani kwa viwanda vyake vya nguo. Leo wakazi wake ni mamilioni, na sehemu kubwa yao huishi kwa kazi za mikono kama vile ujenzi, uchuuzi, usukumaji wa mikokoteni na ushonaji wa majumbani.

Mei ni mwezi wa joto kali huko, kabla mvua za msimu hazijaanza. Mwezi huo mwaka 2010 joto lilipanda hadi kufikia nyuzi 46.8 za Sentigredi. Watu wengi walikufa, lakini kujua ni wangapi waliouawa na joto si kazi nyepesi. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo akifariki alasiri katika chumba chenye paa la bati, cheti chake huandikwa kwamba amekufa kwa ugonjwa wa moyo, na hilo si uongo. Figo zikishindwa kufanya kazi, huandikwa figo. Neno joto halionekani popote.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitumia njia nyingine. Walichukua hesabu ya vifo vyote vya mji, bila kujali sababu iliyoandikwa, wakalinganisha Mei 2010 na mwezi huohuo wa mwaka uliotangulia na wa mwaka uliofuata. Kwa wastani wa miaka hiyo miwili, Mei ilikuwa na vifo 3,118. Mei 2010 ilikuwa na vifo 4,462. Tofauti ni vifo 1,344, yaani ongezeko la asilimia 43. Hesabu hiyo aweza kuifanya mwanafunzi yeyote wa sekondari, kwani ni ya kutoa na kugawanya tu. Kilichohitajika ni rejista iliyotunzwa vizuri, na mtu wa kuuliza swali.

Jambo linalofanana na hilo lilionekana katika mji tajiri wa Chicago, Marekani, mwezi Julai 1995. Siku chache za joto zilipopita, madaktari wachunguzi wa maiti waliandika kwamba watu 465 walikufa kwa joto. Lakini vifo vyote vya juma moja tu vilipolinganishwa na vya kawaida, ilionekana kwamba waliokufa zaidi ya kawaida walikuwa 739. Wengi wao walikuwa wazee maskini waliokuwa wakiishi peke yao, bila jamaa wa kuwabishia hodi. Basi mji kuwa na fedha hakutoshi kuwakinga watu wake.

Mwili wa binadamu na mtungi wa maji

Ili kuelewa namna joto linavyoua, yafaa kuanza na chombo kinachojulikana na kila mtu, yaani mtungi. Maji yaliyowekwa katika mtungi wa udongo hupoa ingawa hayakutiwa barafu. Udongo una vinyweleo. Maji kidogo hupenya hadi upande wa nje na kugeuka mvuke. Ili yageuke mvuke, maji huhitaji nishati, nayo huichukua kutoka katika mtungi na maji yaliyobaki ndani. Kwa njia hiyo mtungi hupoa.

Mwili wa binadamu hutumia kanuni ileile. Joto la ndani ya mwili halina budi kubaki karibu na nyuzi 37, na likizidi 40 ubongo na viungo vingine huanza kudhurika. Mwili wenyewe ni tanuri lisilozimika. Mtu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi, na anayechimba msingi au kubeba magunia aweza kutoa wati 400 au zaidi. Hewa iliyopoa hulichukua joto hilo bila shida. Lakini hewa inapokaribia nyuzi 35, ambacho ni kiasi cha joto la ngozi, haiwezi tena kulipokea, na ikizidi hapo huuongezea mwili joto badala ya kuupunguzia. Njia inayobaki ni jasho peke yake.

Kila kilo moja ya jasho inayokauka juu ya ngozi huondoa nishati ya jouli milioni 2.4 hivi. Wati 400 kwa muda wa saa moja ni jouli milioni 1.44. Kwa hiyo mbeba magunia, iwapo hana njia nyingine ya kupoa, hana budi kukausha gramu 600 za jasho kila saa, yaani zaidi ya nusu lita. Ieleweke kwamba ni jasho linalokauka ndilo linalompoza. Lile linalodondoka chini limempotezea maji na chumvi bila faida yoyote. Ili jasho litoke kwa wingi, moyo hulazimika kusukuma damu nyingi kwenye ngozi, huku misuli nayo ikidai damu yake. Ndiyo maana moyo uliochoka ndio unaoshindwa kwanza, na figo zilizokosa maji hufuata.

Kwa nini nyuzi peke yake hazitoshi

Mtungi haupoi sawasawa kila siku. Siku ya upepo mkavu maji yake huburudisha sana. Siku ya mawingu na unyevu mwingi huwa vuguvugu. Sababu ni kwamba hewa iliyokwisha kujaa mvuke haina nafasi ya kupokea mwingine. Ngozi nayo hukutana na kikwazo hichohicho.

Wanasayansi hupima hali hiyo kwa vipimajoto viwili. Kimoja huachwa kikavu. Cha pili hufungwa kitambaa chenye maji kwenye ncha yake, nacho huonyesha nyuzi ambazo kitu kilicholowa chaweza kupoa katika hewa ile. Kipimo hicho cha pili, kipimo kibichi, ndicho kinachoeleza taabu ya mwili kuliko kile cha kwanza. Hewa ya nyuzi 41 yenye unyevu wa asilimia 15, kama ya mchana wa nchi kavu, huwa na kipimo kibichi cha nyuzi 21 hivi. Hewa ya nyuzi 33 yenye unyevu wa asilimia 65, ambayo si ngeni Dar es Salaam mwezi Februari, huwa na kipimo kibichi cha nyuzi 27 na nusu. Asomaye kipimajoto kikavu peke yake atafikiri kwamba Dar es Salaam ina nafuu kubwa, ilhali jasho hukauka kwa urahisi zaidi katika ile hewa ya nyuzi 41.

Hii haina maana kwamba joto kavu halina hatari. Ahmedabad inashuhudia vingine. Katika joto kavu mwili hudai maji mengi sana, na mzee ambaye tezi zake za jasho zimedhoofika, au kibarua asiye na maji ya kunywa, huzidiwa. Lakini katika joto lenye unyevu hata maji yakiwapo hayasaidii vya kutosha. Mwaka 2010 wanasayansi walikadiria kwamba kipimo kibichi kikifika nyuzi 35, hakuna mtu awezaye kustahimili kwa saa nyingi, hata akiwa kivulini na amepumzika. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa vijana wenye afya na kuchapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31 katika hewa yenye unyevu mwingi.

Mji unavyohifadhi joto

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza mmoja aitwaye Luke Howard alipima joto la London na la mashamba yaliyouzunguka mji huo. Aligundua kwamba mji ulikuwa na joto zaidi, hasa usiku. Tangu wakati huo hali hiyo imeonekana katika miji ya kila bara, nayo ina sababu kadhaa.

Sababu ya kwanza ni kupotea kwa miti na udongo wenye maji. Mti hufanya kazi ya mtungi mkubwa: hunyonya maji ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia majani, na hewa iliyo karibu hupoa. Mahali pa mti pakiwekwa lami, nishati ya jua iliyokuwa ikigeuza maji kuwa mvuke hubaki kupasha lami yenyewe. Sababu ya pili ni saruji na matofali, ambayo hufyonza joto mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Sababu ya tatu ni majengo marefu yaliyosongamana, ambayo huzuia upepo na kulikamata joto lisipate njia ya kwenda angani. Ya nne ni joto la injini za magari, viwanda na viyoyozi.

Juu ya hayo yote, dunia nzima imeongezeka joto kwa nyuzi 1.1 hivi, ukilinganisha miaka ya 2011 hadi 2020 na nusu ya pili ya karne ya 19. Miji nayo inakua haraka. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 843,000 katika sensa ya mwaka 1978. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 5.3. Palipokuwa na mikorosho na minazi sasa ni mapaa ya bati yaliyogusana. Bati hushika moto upesi jua linapolipiga, na nyumba isiyo na dari hupitisha joto hilo moja kwa moja hadi vichwani mwa waliomo. Kwa njia hiyo familia iliyohama kutoka nyumba ya makuti kwenda nyumba ya bati imejiepusha na uvujaji na hatari ya moto, lakini imelipia kwa joto.

Nguvu kazi inayopotea

Gharama ya kwanza ya kiuchumi ni saa za kazi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba kufikia mwaka 2030 joto litaipotezea dunia asilimia 2.2 ya saa zote za kazi, sawa na kazi za watu milioni 80 wa kutwa. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 2,400 kwa mwaka. Katika Asia ya Kusini na Afrika Magharibi upotevu ulikadiriwa kukaribia asilimia 5. Wakulima ndio watakaopoteza zaidi, wakifuatwa na wafanyakazi wa ujenzi, ambao wengi wao wako mijini.

Hesabu za dunia nzima haziwezi kueleza jinsi mzigo huo unavyogawanywa. Ichukuliwe mfano wa kibarua anayefyatua matofali, anayelipwa kwa kila tofali na kufanya kazi saa 8 kwa siku. Joto likimlazimisha kupumzika dakika 12 zaidi katika kila saa, amepoteza dakika 96, yaani asilimia 20 ya siku yake. Kwa siku 25 za kazi, amepoteza mshahara wa siku 5. Karani wa ofisini aliyezembea kwa sababu ya joto hupata mshahara wake kamili mwisho wa mwezi, na hasara humwangukia mwajiri. Kibarua hubeba hasara yote mwenyewe. Ana njia mbili tu mbele yake: apumzike apungukiwe na chakula, au aendelee ahatarishe uhai. Wengi huendelea.

Wachuuzi nao wana hasara zao. Mchicha unaonyauka kabla ya saa 6 mchana huuzwa kwa bei ya kutupa. Samaki huhitaji barafu zaidi, na barafu huyeyuka upesi zaidi. Mama lishe husimama mbele ya moto chini ya turubai au bati, akipata joto la pande mbili. Maji ya kunywa, ambayo mfanyakazi wa ofisini huyapata bure, mchuuzi wa barabarani huyanunua. Hakuna hata moja kati ya fedha hizo linaloandikwa katika daftari lolote la serikali chini ya jina la joto.

Usiku, shule na wodi

Gharama za kijamii hazina bei ya sokoni, lakini si ndogo. Iliyo karibu zaidi na kila mtu ni usingizi. Mwili hupata nafuu usiku, hewa inapopoa. Kwa kuwa mji hutoa usiku joto uliloliweka mchana, wakazi wa vyumba vilivyosongamana hawapati nafuu hiyo, na siku ya pili huianza wakiwa wamechoka. Madirisha yaweza kufunguliwa, lakini penye hofu ya wezi na mbu hufungwa.

Walimu wana sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulitumia matokeo ya wanafunzi wapatao milioni 10 waliofanya mtihani wa aina moja zaidi ya mara moja. Ilionekana kwamba katika shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo uliozidi joto kwa karibu nusu nyuzi ya Sentigredi ulipunguza kiasi cha mafunzo ya mwaka huo kwa asilimia 1 hivi. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini hujirudia mwaka hadi mwaka, na huwaangukia zaidi wanafunzi wa shule maskini. Darasa la wanafunzi wengi chini ya bati lisilo na dari, wakati wa kipindi cha mwisho cha mchana, si mahali pa kulaumu uvivu kabla ya kupima joto.

Ahmedabad ulitoa ushahidi mwingine, wa watoto wachanga. Katika hospitali moja ya umma ya mji huo, wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa lililopigwa na jua mchana kutwa. Madaktari walipochunguza kumbukumbu za watoto wachanga waliolazwa katika uangalizi maalumu, waliona kwamba joto la nje lilipozidi nyuzi 42, kila nyuzi moja iliyoongezeka iliandamana na ongezeko la asilimia 43 la watoto waliougua kwa joto. Wodi ilihamishiwa ghorofa ya chini. Idadi ya watoto waliougua kwa joto ilipungua kwa asilimia 64. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa wala mashine iliyonunuliwa. Vitanda vilishushwa ngazi.

Mji uliojipanga

Mwaka 2013 Halmashauri ya Jiji la Ahmedabad, pamoja na wataalamu wa afya ya jamii wa India na wa ng'ambo, ilianzisha mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake katika Asia ya Kusini. Mpango wenyewe hauna maajabu. Utabiri wa joto hutolewa siku kadhaa kabla, na siku hupewa rangi kulingana na nyuzi zinazotarajiwa: njano kuanzia nyuzi 41.1, machungwa kuanzia 43, na nyekundu kuanzia 45. Rangi ikitangazwa, kila idara inajua wajibu wake. Hospitali hujiandaa na barafu na maji ya chumvi na sukari, vituo vya maji ya kunywa hufunguliwa, bustani za mji huachwa wazi saa nyingi zaidi ili watu wapate kivuli, na habari hupelekwa mitaani. Wauguzi na madaktari hufundishwa kutambua dalili za mtu aliyezidiwa na joto. Mapaa ya nyumba za maskini yalianza kupakwa chokaa, ili mwanga wa jua urudishwe badala ya kufyonzwa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba katika miaka ya 2014 na 2015 mpango huo uliepusha, kwa wastani, vifo 1,190 kwa mwaka. Makadirio ya namna hiyo yana mashaka yake, kwa kuwa hakuna miaka miwili inayofanana kabisa. Lakini mwelekeo wake ni dhahiri, na miji mingi ya India imeiga.

Ilibaki hasara ya mapato. Ahmedabad ndiko kilikoanzishwa mwaka 1972 chama cha wanawake wanaojiajiri wenyewe kiitwacho SEWA, chini ya uongozi wa Ela Bhatt. Mwaka 2023 chama hicho kilianza kuwawekea bima ya joto maelfu ya wanachama wake, wakiwemo wachuuzi, waokota takataka na wafanyakazi wa mashamba ya chumvi. Bima hiyo haihitaji mwanachama athibitishe kwamba aliugua. Joto likizidi kiwango kilichokubaliwa kwa siku zilizowekwa, malipo hutolewa. Mwaka 2024 kiwango kilizidi, na maelfu ya wanawake walilipwa. Fedha zilikuwa kidogo, lakini zilimpa mwanamke uwezo wa kukaa kivulini siku moja bila watoto kulala njaa.

Mafunzo kwa miji ya pwani

Ingekuwa kosa kuuchukua mpango wa Ahmedabad na kuunakili ulivyo. Dar es Salaam ikitumia rangi za Ahmedabad, onyo halitatolewa siku yoyote, kwa kuwa kipimajoto chake hakifiki nyuzi 41. Kila mji hauna budi kutafuta viwango vyake wenyewe, na kwa miji ya pwani viwango hivyo lazima vihesabu unyevu. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa kuunganisha kumbukumbu za Mamlaka ya Hali ya Hewa na rejista za hospitali na za vifo. Kinachopaswa kuigwa ni utaratibu wa Ahmedabad wa kuhesabu kwanza, kisha kutenda.

Pwani yenyewe ina maarifa ya kale yasiyopaswa kudharauliwa. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina kuta nene za mawe ya matumbawe, zilizopakwa chokaa nyeupe. Vichochoro vyake vyembamba hupata kivuli karibu mchana kutwa. Nyumba ya makuti huzuia joto la jua na kuruhusu hewa kupita. Mwembe na mkungu mbele ya nyumba si pambo tu. Wajenzi wa leo hawalazimiki kurudia vifaa vya zamani, lakini kanuni zake ni zilezile: rangi nyeupe juu ya bati, dari chini yake, upenyo wa hewa pande mbili za chumba, na mti mahali pa wazi.

Kiyoyozi kina mahali pake, hasa katika wodi na maabara. Lakini hupoza ndani kwa kutupa joto nje, na barabarani ndiko alipo yule asiye nacho. Aidha huongeza mahitaji ya umeme katika saa zilezile ambazo mitambo imeelemewa. Mji unaotegemea viyoyozi pekee huwahamishia maskini joto la matajiri. Miji mingine ya Afrika imeanza kutafuta njia za pamoja. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2021 ulikuwa mji wa kwanza Afrika kumteua afisa wa kushughulikia joto, Bi Eugenia Kargbo, na moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuweka mapaa ya kivuli juu ya masoko ya wazi, ambako wengi wa wauzaji ni wanawake.

Kazi ya shule

Shule yoyote ya sekondari yaweza kuanza kupima bila kungoja msaada. Panahitajika vipimajoto viwili, kipande cha kitambaa cha pamba na kikombe cha maji. Ncha ya kipimajoto kimoja ifungwe kitambaa ambacho mwisho wake umetumbukizwa kikombeni, na vyote viwili vitundikwe kivulini mahali panapopita hewa. Visomwe saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, kila siku ya masomo, katika sehemu tatu: chini ya mti, uani pasipo mti lakini penye kivuli cha ukuta, na ndani ya darasa lenye paa la bati. Tofauti ya vipimo viwili ikiwa kubwa, hewa ni kavu. Ikiwa ndogo, jasho halikauki.

Vipimo viandikwe katika daftari moja pamoja na idadi ya wanafunzi waliougua au kuruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyo. Baada ya muhula mmoja wanafunzi wataweza kuchora mstari wa joto na mstari wa wagonjwa, na kuona kama hupanda pamoja. Baada ya miaka miwili wataweza kulinganisha Februari na Februari, kama Mei ilivyolinganishwa na Mei huko Ahmedabad. Darasa moja likipakwa chokaa juu ya bati na jingine likaachwa, tofauti itasomeka katika daftari hilohilo. Mwalimu mkuu anayekwenda mbele ya kamati ya shule kuomba dari au miche ya miti, akiwa na daftari la namna hiyo mkononi, atakuwa na vipimo vya kuwaonyesha wajumbe, wala hatalazimika kutegemea maneno yake matupu.